Kambi ya likizo ya wavulana: Kigoma ziwani au Tabora porini?

Dada yangu anakaa Nguruka, na anayeijua reli ya kati anajua maana yake, ukipanda treni ya kwenda mashariki unashuka Tabora, ukipanda ya magharibi unashuka Kigoma, na yeye yuko hapo katikati na watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 10 mwingine 14. Juzi kanipigia, "Kaka, likizo ya mwezi wa 6 ndo hii, hawa wapwa zako niwapeleke kambi ya wapi?" Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie vizuri, maana hili swali wazazi wananiuliza kila mwaka na kila mwaka najibu kwa simu mpaka salio linaisha, basi leo naandika mara moja wasome wote. Mi nimekaa mlezi kambi za pande zote mbili, Tabora mara tatu na Kigoma mara mbili, kwa hiyo mengi ya humu nimeyaona kwa macho yangu.

Nikisema kambi namaanisha zile za siku 6 au 7, wavulana wa miaka 9 mpaka 15, wanalala kwenye tenti, wanapika kwa zamu, hamna tivii wala simu. Wenzetu Marekani wana likizo ndefu ya kiangazi kwa hiyo kambi zao zingine zinachukua wiki nyingi, na inasemekana chanzo chake ni mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, ambaye mwaka 1861 aliwachukua wanafunzi wake wakatembea kwa miguu mpaka baharini wakapiga kambi kama wiki mbili. Sisi likizo ya Juni ni fupi, ndo maana kuchagua vibaya kunauma, ukikosea wiki imeshaisha na mtoto anarudi anasema hataki tena kusikia habari ya kambi.

Asubuhi usisumbuke kulinganisha, ni zile zile. Filimbi saa 11 na nusu alfajiri, mchakamchaka, nyimbo zile zile tulizoimba sisi, alafu usafi, kupandisha bendera, uji. Wavulana wanagawanywa vikundi vya watu 7 au 8, kila kikundi na kiongozi wake ambaye naye ni mtoto, mtindo ambao Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliujaribu kule kisiwa cha Brownsea Uingereza mwaka 1907 na vijana kama 20 hivi, na mpaka leo hamna aliyepata mtindo mzuri zaidi ya huo. Kikundi ndo kinachota maji, ndo kinaosha masufuria, ndo kinalala tenti moja. Mtoto ambaye nyumbani hajui hata sufuria inakaa wapi, siku ya tatu utamkuta anamgombeza mwenzake kwamba hajasugua vizuri masizi. Hii utaipata Kigoma na utaipata Tabora.

Tofauti inaanza baada ya chai ya saa 4.

Kigoma kila kitu kinaelekea ziwani. Asikwambie mtu, Ziwa Tanganyika likiwa limetulia asubuhi ni kitu ambacho mtoto hasahau, maji meupe unaona mpaka mawe ya chini, na kati ya yale mawe kuna samaki wadogo wa rangi wengi tu ambao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Kuna kambi moja tulikuwa na miwani ya kuogelea minne tu, watoto wanapokezana, mmoja akatoa kichwa majini akapiga kelele kwamba ameona samaki anawala watoto wake. Tukamwambia rudi uangalie vizuri. Akarudi, akakaa pale juu ya jiwe tumbo chini uso ndani ya maji, mgongo unaungua na jua, akaja kuona wale watoto wanatoka tena mdomoni kwa mama yao mmoja mmoja, maana samaki wengi wa pale ndivyo wanavyolea, hatari ikija watoto wanakimbilia kinywani. Ule mchana mzima tulipoteza ratiba, kila mtu anataka kuona, na mi nikaiacha ratiba ipotee.

Lakini ziwa lile sio bwawa la hoteli. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, duniani linalolizidi ni Baikal la Urusi peke yake, na sehemu zingine za ufukwe mtoto anatembea maji ya kiunoni, hatua tatu mbele anakuta hamna chini. Hapa naomba mzazi usome taratibu.

Mwaka wa kwanza niliokaa Kigoma tulikuwa na wavulana 32. Saa 9 mchana filimbi ya kutoka majini ikapigwa, wakapanga mstari, wakahesabiwa 31. Wakahesabiwa tena, 31. Mi sijawahi kusikia kimya kama kile, watu wazima watano tumesimama hakuna anayeongea, alafu wote tukaanza kukimbia kwa pamoja, wengine majini wengine kwenye mawe, mpishi kaacha ugali motoni kaja na nguo zake zote kaingia ziwani. Ilipita kama robo saa. Mtoto alikuwa tentini amelala, alisikia baridi akaondoka zake bila kumwambia mtu. Hakuna aliyemchapa, tulimkumbatia tu, mkuu wa kambi akakaa chini mchangani akawa anatetemeka mikono. Kosa lilikuwa letu sisi walezi, tulikuwa tunawahesabu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, katikati hamna.

Kuanzia kesho yake ikawa hivi, na hiki ndo kitu cha kwanza cha kuuliza kambi yoyote ya ziwani: kila mtoto ana pacha wake wa majini, wanaingia wawili wanatoka wawili, na kila dakika 10 filimbi inalia, mapacha wanashikana mikono wanainua juu, mlezi anahesabu jozi. Asiye na pacha pembeni yake anaonekana papo hapo. Mlezi wa kuhesabu haogelei, hapigi picha, haongei na simu, anakaa juu anaangalia maji. Na kuna kamba yenye maboya inayoonyesha mwisho wa kuogelea. Ukipiga simu ukaambiwa "usijali mama, watoto tunawaangalia vizuri tu", hilo sio jibu, uliza wanawaangalia vipi, nani anahesabu, kila baada ya muda gani. Anayefanya kweli atakuelezea mpaka rangi ya ile kamba.

Mambo mengine mawili ya ziwani. Kichocho kipo, kinatokana na konokono wa maji baridi wanaopenda maji ya kina kifupi yenye majani na matete, kwa hiyo kambi nzuri inaogelesha watoto penye mawe au mchanga msafi sio kwenye majani wala karibu na mdomo wa mto, ambapo pia ndo sehemu za kuogopa mamba. Hata hivyo ukirudi nyumbani baada ya wiki kama 6 hivi mpeleke mtoto kituo cha afya useme alikuwa ziwani, dawa yake ipo na inatibu. La pili ni upepo. Juni na Julai upepo wa kusini unakuwa na nguvu, asubuhi ziwa limelala, mchana linaamka na mawimbi ya kugeuza boti. Safari zote za boti ziwe asubuhi na kila mtoto laifu jaketi mwilini, sio limefungwa pembeni ya boti.

Na Gombe. Wazazi wengi wanachagua Kigoma kwa sababu mtoto kasikia sokwe, kasikia habari za mtafiti Jane Goodall aliyefika pale mwaka 1960 na kuwajua sokwe mmoja mmoja kwa majina. Hifadhi iko kaskazini ya mji kama kilomita 16 tu lakini hamna barabara, ni boti, na kwenda kuwafuatilia sokwe porini hawaruhusu mtoto chini ya miaka 15, kwa sababu sokwe anaambukizwa magonjwa yetu na pia ana nguvu mara nyingi kuliko mtoto. Kwa hiyo kambi ikikuahidi kwamba mwanao wa miaka 10 ataona sokwe Gombe, hapo simamisha mazungumzo uulize kwanza. Nimeona mtoto amelia kwa hili, aliahidiwa.

Kitu ambacho Kigoma inacho na Tabora haiwezi kukipata hata ifanyeje ni usiku wa dagaa. Wavuvi wanatoka jioni na taa, wanavutia dagaa kwa mwanga, na ukikaa ufukweni saa 3 usiku unaona ziwa limewaka taa kama kuna mji umejengwa katikati ya maji. Watoto wanaanza kuzihesabu, wanashindana, wanafika 100 wanapotea wanaanza upya. Asubuhi tunaenda Katonga au Kibirizi tunakuta wale wale dagaa wameanikwa wanang'aa kama vipande vya bati, akina mama wanawageuza. Ila ujue dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia kalenda ya mwezi. Kambi ikiangukia mwezi mpevu hizo taa utahadithiwa tu. Na tangu 2024 uvuvi ziwani umekuwa ukifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kwa hiyo kambi ya Juni uliza kwanza kama taa zipo.

Sasa Tabora. Ukimuuliza mtoto atakwambia haraka haraka kwamba Tabora hamna kitu, ni miti tu. Ni kweli ni miti, lakini hapo ndo utamu ulipo, ila unachelewa. Kambi ya ziwani inampa mtoto furaha siku ya kwanza mchana, ya porini inampa siku ya tatu, na kama ni kambi ya siku tatu tu basi usimpeleke Tabora, itaisha kabla haijaanza.

Porini mtoto anajifunza kutembea na kuangalia. Mzee anayeongoza anasimama anaonyesha alama kwenye mchanga, huyu ni digidigi, huyu ni kanga, hapa nyoka amepita jana sio leo, ona upepo umeshaanza kuifuta. Anawafundisha miti, huu mtundu, huu mninga, akikwangua kidogo tu ganda la mninga unatoka utomvu mwekundu kama damu, watoto wanarudi nyuma wote kwa pamoja. Anawapeleka kwenye mizinga. Tabora ni nchi ya asali, mizinga ya magogo na ya magome inaning'inia mitini, na Juni ni wakati mzuri maana mara nyingi warinaji wako kazini. Lakini nyuki wetu wakali, watoto wanasimama mbali wanaona moshi tu jioni, kisha wanapelekwa kwa nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti wakatengeneza kamlango kama mrija wa nta. Mpwa wa rafiki yangu alikaa kwenye kale kamlango nusu saa nzima anaangalia wanavyoingia na kutoka, na huyo mtoto walimu wake wanasema hawezi kutulia dakika tano.

Alafu kombolela. Jamani kombolela ya porini saa 11 jioni, mipaka imewekwa kwa vitambaa vyekundu, mtoto akivuka kitambaa ametoka mchezoni. Hapo ndo pa kuuliza Tabora, maana hatari ya pori sio simba wa kwenye hadithi, ni mtoto kupotea. Miti ya miombo inafanana kila upande. Kila mtoto awe na filimbi shingoni na awe ameshafundishwa kwamba akipotea asitembee, akae chini ya mti apige filimbi tatu tatu. Na viatu vikung'utwe kila asubuhi, nge anapenda sana kiatu. Mbung'o, wale inzi wa ndorobo, wapo sehemu zingine, hapo mikono mirefu ya shati inasaidia, na mtoto mwenye historia ya kuvimba sana akiumwa na nyuki mwambie mlezi siku ya kwanza kabla hata ya kushusha begi.

Chakula nipite haraka. Kigoma dagaa au migebuka, mawese, ugali wa muhogo saa zingine, watoto wa mahindi wanausukuma sukuma siku ya kwanza wanauzoea ya tatu. Tabora ugali wa mahindi, maharage, nsansa ya karanga (majani ya kunde yaliyokaushwa), michembe (viazi vitamu vikavu) mfukoni ya kutafuna njiani, na uji wenye asali ambao hamna mtoto anayebakisha. Kuoga, Kigoma kila siku kwa lazima na bila lazima, Tabora ni nusu ndoo na kopo jioni.

Historia ndo jambo ambalo watu hawajui kwamba ni moja, imekatwa vipande viwili. Kambi ya Kigoma inawapeleka watoto Ujiji kwenye miembe na makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kambi ya Tabora inawapeleka Kwihara, kwenye tembe ambapo hao hao wawili walikaa mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka mwezi Machi, Livingstone akabaki anasubiri wapagazi mpaka Agosti. Mi nikiwa mlezi nawauliza watoto, mizigo nani alibeba? Maana waliobeba ni babu zetu, Wanyamwezi na wengine, na Livingstone alipofariki 1873 walioubeba mwili wake mpaka Bagamoyo ni watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao, wakapita hapo hapo Unyanyembe, yaani Tabora hii hii. Kwihara pana utulivu, mtoto anakaa barazani anafikiria. Ujiji pana watu zaidi na maelezo zaidi, na Kigoma unaongezea bandari, kama Liemba ipo watoto wanaona meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwa mtoto anayependa mashine hapo Kigoma imeshinda.

Usiku nao una mambo. Juni Tabora ni baridi, asikudanganye mtu kwamba kwetu ni joto tu, saa 10 alfajiri mtoto bila sweta na blanketi anakaa macho. Kigoma chini ziwani ni afadhali ila upepo unapiga tenti. Malaria pande zote ipo, chandarua sio hiari, uliza kama tenti zina chandarua ndani au mtoto aje na chake.

Na kukumbuka nyumbani. Hii mi naiona ni kubwa kuliko chakula na tenti. Usiku wa kwanza mtoto amechoka analala, usiku wa pili ndo anaanza. Tabora tulikuwa na mmoja wa miaka 9, hakulia kwa sauti, alikuwa anakuja tu jikoni anakaa karibu na moto haongei. Mama mpishi hakumuuliza kitu, akampa ungo wa maharage achambue. Akachambua. Kesho yake akaja tena mwenyewe akachukua ungo. Siku ya nne hakuja, tukamkuta yuko juu ya mti na wenzake. Porini siku ina nafasi ya mambo kama hayo, hamna kukimbizana, mlezi anamuona mtoto aliyekaa pembeni. Ziwani walezi macho yote yako majini, inabidi iwe hivyo, na mtoto mwenye huzuni yake anaweza kumaliza siku mbili bila mtu kujua. Vile vile mtoto anayekojoa kitandani, mwambie mlezi pembeni, wala usione aibu, wapo kila kambi, tunawaamsha saa 5 usiku taratibu, na Tabora hewa kavu shuka linaanikwa mapema linakauka kabla wenzake hawajarudi.

Bei, Kigoma kwa kawaida inazidi kwa sababu ya mafuta ya boti na laifu jaketi, na ukikuta kambi ya ziwani bei ni ndogo kupita zote usifurahi, uliza wamepunguza wapi.

Basi dada, jibu langu hili. Mdogo aje Tabora. Ana miaka 10, hajawahi kulala nje ya kwenu, kuogelea hajui, na nilivyomuona Pasaka ni mtoto wa kuchokonoa chokonoa vitu, nyuki watamfaa. Mkubwa aende Kigoma, miaka 14 anaogelea, anasikia akiambiwa, na ana ule umri wa kutaka kushindana, ziwa litamchosha vizuri. Sokwe mwambie mapema kwamba bado, asiende na matumaini. Ungekuwa na mmoja tu ningekwambia anza na pori, mwaka wa pili mpeleke ziwani, maana mtoto aliyezoea kusimama akisikia filimbi porini, hata majini atasimama.

Najua utasema ni ndugu, kwa nini wasiende pamoja. Waache watengane wiki moja. Mdogo akiwa na kaka yake hatafua hata soksi, na mkubwa hataogelea kwa raha, atakuwa anageuka geuka kumtafuta mdogo wake.

Mdogo mfungie sweta mbili, blanketi, viatu vya kufunika, na uandike jina ndani ya kila nguo kwa kalamu ya wino mzito. Mkubwa kaptura tatu, taulo, kofia, na usimnunulie miwani ya bei, itapotea. Simu wasije nazo, namba yangu na ya mlezi wa Kigoma utakuwa nazo, utapiga saa 1 jioni. Wa Tabora mi mwenyewe nitakuwa stesheni, hata treni ichelewe vipi.